Baiskeli Niliyoiita Ng'ombe

Kuna neno moja nililolitamka kijijini Kalengera, nikiwa nimeshiba na nimefurahi, ambalo limeniuma kuliko volkano na waasi kwa pamoja. Najua si vizuri kusema hivyo mbele ya watu waliopoteza nyumba, lakini mtu hachagui kinachomuuma. Volkano ilipita. Waasi walipita, wakarudi, wakapita tena. Neno lile limebaki, na neno lenyewe ni ng'ombe.

Mimi ni mtu wa wivu. Wengine huzaliwa na mkono wa kushoto, mimi nilizaliwa na jicho. Mama yangu alikuwa akigawa mihogo, mimi natazama sahani ya mdogo wangu kwanza, ndipo natazama ya kwangu. Basi nisikilizeni mkijua hivyo.

Baiskeli ninayoisema ilikuwa ya mlimani, zile ambazo Goma tunaziita vetete, kutokana na herufi za Kifaransa, VTT. Zilikuja mjini na wageni wa mashirika, miaka ile wakimbizi walipojaa mpaka ukingoni mwa ziwa. Wageni walikuja nazo kama walivyokuja na vikaango vyao, na mkataba ukiisha waliziacha. Mimi nilikuwa karani katika ofisi moja ya mtaa wa Himbi. Mkubwa wangu, mama mmoja mrefu aliyependa kupanda milima Jumamosi, alipoondoka aliniachia ya kwake. Ilikuwa chuma kitupu, matairi manene yenye meno, bila springi mahali popote. Kadre, yaani mwili wenyewe wa baiskeli, ilikuwa ya zambarau. Furshe, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, ilikuwa ya njano kali. Mke wangu alisema inafanana na bibi arusi asiye na dada wa kumshauri nguo. Nilicheka, lakini niliifuta kila jioni.

Kisha mlima ukafunguka. Moto ulishuka, ukapita katikati ya mji, ukaingia ziwani, ukatuacha na Goma iliyokatwa vipande viwili. Tulikimbia, na tuliporudi tulikanyaga mawe ambayo bado yalikuwa na joto chini ya viatu. Nyumba yetu ilipona. Ya kaka ya mke wangu lilibaki bati peke yake, limetokeza juu ya jiwe kama kofia iliyosahauliwa. Magari hayakuwa na njia. Baiskeli nyeusi za Kichina, zile ndefu za kubeba mizigo, zilivunja magurudumu juu ya mawe yale makali. Vetete ilipita. Mtu akitaka dawa kutoka ng'ambo ya pili ya mawe, au habari za mgonjwa, au gunia dogo la unga, alikuja kunibembeleza mimi. Waliniita Papa Vetete. Wanaume ambao magari yao yalikuwa yamelala walinitazama nikipita, na mtazamo ule niliujua vizuri, maana ni wangu. Sijawahi kula chakula kitamu kama wivu wa mwenzangu, na mwaka ule nilikula nikashiba.

Lakini mji wetu hauna subira na kitu cha jana. Mawe yalivunjwa, barabara zikafunguliwa, na kupitia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, zikaanza kuingia vetete mpya za alu, yaani alumini. Zilikuwa nyepesi, unainyanyua moja kwa vidole viwili, na mbele zilikuwa na amortiseri, yaani springi ya furshe, iliyonesa kwenye kila shimo. Vijana wa Himbi wakaanzisha kundi la kuendesha baiskeli kila Jumapili baada ya misa, mpaka Sake na kurudi. Niliwafuata na chuma changu. Kijana mmoja, mtoto wa mfanyabiashara, aligonga kadre yangu kwa ukucha akaisikiliza ikilia.

“Muzee,” akasema, “hii fer yako, siku moja tutaichomea brochette.”

Wote walicheka, maana fer ni chuma na brochette ni mishikaki. Roho iliniuma mpaka nikakosa usingizi, na baada ya muda nami nikapata ya alu. Ya zambarau niliiegemeza nyuma ya nyumba, upande wa kuku.

Sasa nije kwa rafiki yangu mmoja. Tulikaa benchi moja katika shule ya sekondari, yeye akitoka familia ya wafugaji wa Rutshuru, mimi mtoto wa karani kutoka upande wa Bukavu. Mimi nilibaki mjini, yeye akarudi kufundisha shule ya msingi kwao Kalengera. Alikuwa mtu wa taratibu, hana haraka, hana kelele, na kila mtu alimpenda bila yeye kufanya lolote, jambo ambalo lilinikera tangu tukiwa vijana. Alipopata mtoto wa kwanza nilikwenda kumpongeza. Nilijua anatembea kwa miguu kwenda shule yake, akishuka kilima na kupanda kingine, basi nikaipakia ile vetete ya zamani juu ya lori. Kuku hawakuihitaji.

Tulikaa kwa baba yake, wajomba wamejipanga kwenye ukuta. Nilipewa maziwa katika chombo cha mti, kisha kasiksi, yaani pombe ya ndizi, na kasiksi ya mama yake rafiki yangu haikuwa ya mchezo. Nikasimama kutoa zawadi yangu. Ningesema tu, “Muzee, nimeletea mutoto wako velo,” mambo yangeisha hapo. Lakini nilitaka kupendeza. Nikanyoosha mkono mlangoni, nikasema:

“Muzee, miye niko mutu wa mu ville, sina malisho. Ng'ombe yangu njo hii. Nimemupatia ndugu yangu ng'ombe.”

Wajomba wakatazamana. Rafiki yangu aliniangalia kwa makini, kama mtu anayetaka kukupa nafasi ya kurudisha maneno yako. Mimi, kwa ujinga wa kasiksi, nikadhani hawakusikia, nikarudia kwa sauti kubwa zaidi. Ndipo mjomba mmoja akainuka, akapiga makofi taratibu, akaanza kuisifu ile baiskeli kwa Kinyarwanda kama wanavyosifu ng'ombe: pembe zake, yaani gidoni, ule usukani, rangi yake, mwendo wake. Akina mama wakapiga vigelegele. Nilidhani wananitania vizuri, nikacheza.

Kwa watu wa kule, ng'ombe aliyetolewa kwa rafiki si kama zawadi nyingine. Haombwi tena, hauzwi, harudi. Mliopeana mmekuwa ndugu. Ila siku moja aliyepewa humrudishia mpaji ndama wa ng'ombe yuleyule, na hilo wanaliita kwitura. Mpaka siku hiyo, ng'ombe anatajwa kwa jina la aliyemtoa. Sisi wa upande wa Bukavu pia tunajua ng'ombe, lakini mimi nilizaliwa mjini, na ng'ombe niliyemzoea ni wa kwenye sahani. Rafiki yangu alinielezea yote asubuhi, nikicheka. Mate yakishatemwa hayamezwi tena, lakini wakati ule sikuona kwamba nilikuwa nimetema kitu.

Hata alianza kuapa kwa jina hilo. Wao wakishangaa husema “Yampaye inka”, maana yake fulani aliyenipa ng'ombe. Rafiki yangu, kwa kuwa ng'ombe wake alikuwa na magurudumu, alibadilisha akasema “Yampaye igare!”, fulani aliyenipa baiskeli. Mvua ikimkuta njiani, mwanafunzi akijibu vizuri, yeye: “Yampaye igare!” Walimu wenzake wakalichukua neno hilo. Nilifurahi kusikia kwamba natajwa mpaka Rutshuru.

Halafu ukaja uasi, ukaja mwingine. Njia ya kaskazini ilifungwa na kufunguliwa kama mlango wa duka. Kalengera iko kwenye barabara kuu, kwa hiyo kila aliyebeba bunduki alipita pale. Walichukua mapikipiki, simu, mbuzi. Siku moja mmoja wao alichukua ile vetete, akazunguka nayo kijijini, akairudisha akiwa amekasirika.

“Mwalimu, kamata kitu yako,” alimwambia. “Inaumiza matako.”

Ya kwangu ya alu, iliyokuwa haiumizi popote, ilivuja mafuta kwenye amortiseri, na vipuri havikupatikana. Mbele ikaanza kugonga, ko, ko, ko, kila shimo. Niliendelea nayo Jumapili kwa sababu ya aibu ya kuacha.

Na ndipo dunia ikageuka. Sijui nani alianza. Vijana walewale walioicheka fer wakaanza kuonyeshana kwenye simu picha za vetete za zamani, za chuma, zisizo na springi, wakizipenda hasa kwa sababu hazina springi. Wakazipa jina, vinteji, wakilitamka kwa heshima kama jina la mtakatifu. Kilichowapendeza ni kwamba kila kipande kiwe kilekile baiskeli ilichotoka nacho kiwandani. Ukibadilisha sele tu, ile sehemu ya kukalia, wanakwambia imekufa. Wakaanza kuzunguka nyuma ya nyumba za watu, wakichungulia kwenye mabanda ya kuku. Kijana wa brochette, sasa ana ndevu na tumbo, alifika kwangu.

“Muzee, ile yako ya zambarau iko wapi?”

Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Walisema kwa ajili yangu. Nilimjibu kwamba niko nayo Kalengera, na nikasikia namna ulimi wangu ulivyosema “niko nayo”.

Uasi wa mwisho ulipowafukuza watu wa Rutshuru, rafiki yangu alifika Mugunga, ukingoni mwa mji, na jamaa yake. Nilikwenda siku ileile. Nilimkuta kando ya barabara, kati ya mahema, anaisukuma vetete, mama yake mzee amekaa nyuma akishikilia godoro. Nilimkumbatia mama, nikamkumbatia yeye, nikawapa nilichobeba. Na macho yangu, bila ruhusa yangu, yakaenda kwenye furshe. Ilikuwa njano bado. Hapakuwa na kipande kilichobadilishwa, isipokuwa matairi. Watu wamepoteza mashamba, na mimi nilisimama pale nikiona wivu kwa mtu anayelala chini ya turubai.

Baadaye alipata chumba kwa ndugu zake palepale Mugunga, akafundisha watoto waliohama. Jumapili kundi letu linapita barabara ile ya Sake. Siku moja wakamwona, wakafunga breki wote kwa pamoja. Walishuka, wakaizunguka baiskeli, mmoja akapiga magoti kusoma maandishi madogo kwenye pedaliye, pale pedali zinaposhikamana. Tangu siku hiyo rafiki yangu akawa mtu wa kundi. Hakuomba. Walimwita.

Sitaki kusema uongo: zile Jumapili zilinila. Yeye mbele, mimi nyuma na ko-ko-ko yangu. Tukisimama, picha ni zake. “Muzee, sogea kidogo,” wananiambia, kwa sababu alu yangu inaharibu picha. Kwa desturi ilipaswa kuitwa ng'ombe wangu, lakini hawa vijana wa mjini hawajui desturi, waliiita vetete ya Mwalimu. Mgeni mmoja mwenye shauku na vitu vya zamani aliitaka kwa nguvu zote, na rafiki yangu akakataa, akisema ng'ombe wa mtu hauzwi. Wakamsifu kwa hilo pia. Usoni nilikuwa nacheka, ndani nilikuwa naungua. Hata kuapa kwake “Yampaye igare!” kulianza kunichoma, maana wote walicheka na hakuna aliyenigeukia.

Mke wangu alichoka.

“Uende umuombe,” akasema. “Si uko ndugu yake?”

“Ng'ombe haiombwake.”

“Basi unyamaze, tukule.”

Sikunyamaza. Nikawaza. Ng'ombe harudi, sawa, lakini ndama hurudi. Na baiskeli haizai. Nikimkumbusha kwitura, atakwama, na mtu wa heshima kama yule akikwama, hatakuwa na njia nyingine ila kuniletea ng'ombe mwenyewe. Niliona akili hiyo ni nzuri kabisa. Jumapili iliyofuata nikamsogelea tukinywa maji.

“Mwalimu, kwenu ndama inarudishwaka wakati gani?”

Aliniangalia, kisha akacheka polepole. “Muzee, ngojea kidogo. Iko na mimba.”

Nilicheka naye, nikarudi nyumbani, nikasafisha ukuta ambapo ningeiegemeza. Kuku niliwahamisha.

Walifika siku moja mchana: yeye, mama yake, na mjomba yuleyule wa makofi, sasa anatembea kwa fimbo. Mke wangu alitandika kitambaa. Nilisikia magurudumu kwenye changarawe, nikatoka na uso uliotayarishwa kushangaa. Nikaona baiskeli mbili.

Ya kwanza ilikuwa kadre ya kijani, chuma cha zamani kilichookotwa mahali fulani, imepigwa rangi kwa brashi ya nyumba. Lakini mbele ilikuwa na furshe ya njano, katikati ilikuwa na pedaliye yenye maandishi madogo, juu ilikuwa na sele ya mama yule mrefu wa Himbi. Nyuma yake ilisimama ya zambarau. Ilikuwa imewekewa furshe nyeusi ya baiskeli ya mizigo, pedaliye ya Kichina na sele ya plastiki.

“Umefanya nini?” nikauliza.

“Njo ndama yako,” akasema, akiinyoosha kwangu kwa mikono miwili.

“Lakini uliifungua! Vitu vyote ulivitosha mu ile ingine!”

“Sasa ningefanya je? Ndama inatokaka mu tumbo ya mama yake. Nikinunua velo mu soko nakuletea, ile haiko kwitura. Ile iko bei.”

Wote walikuwa wakingoja. Mjomba aliegemea fimbo, tayari kusifu. Baiskeli iliyopita volkano, iliyorudishwa na mtu wa bunduki, iliyobeba mama na godoro kutoka Rutshuru, ambayo mji mzima ulitamani kwa sababu ilikuwa kamili, haikuwa kamili tena, na sababu ilikuwa neno langu. Sasa hakuna aliyekuwa nayo, si yeye, si mimi. Nililia. Nililia kweli, mkono usoni, na mama yake akanishika bega.

“Angalia namna anafurahi,” akamwambia mke wangu. “Leo muko ndugu kabisa.”

Mke wangu alinitazama, akaenda kuleta vinywaji.

Kwa siku zile zilizobaki kabla ya Jumapili, niseme ukweli, nilijifariji. Nilihesabu upya. Furshe iko kwangu. Pedaliye iko kwangu. Sele, ileile, iko chini ya suruali yangu. Wanaojua mambo watakuja upande wangu, na safari hii yeye ndiye atakayesogea kidogo picha ipigwe. Niliifuta ndama mpaka rangi ya brashi ikang'aa.

Jumapili vijana walipotuona walipiga kelele. Yule mwenye ndevu alishika kichwa kwa mikono miwili. “Nani ameiua?” akauliza. Rafiki yangu hakukasirika. Aliwaeleza habari ya ng'ombe, ya neno nililolisema kwa baba yake, ya mimba, ya kwitura. Alieleza kama anavyofundisha, taratibu, akigusa kila kipande. Yule mwenye ndevu akashusha mikono. Halafu mmoja akaanza kucheka, si kwa dharau, na wote wakamzunguka tena, wakimwomba arudie pale pa mimba. Waliipiga picha ile ya zambarau na mguu wake mweusi wa Kichina kutoka kila upande. Waliniomba niisogeze ndama karibu, ili mama na mtoto waonekane. Niliishika gidoni. Nadhani kwenye picha mkono wangu unaonekana.

Tukaondoka. Siku hiyo hatukwenda Sake. Tulipanda njia ya Munigi, kilima kirefu kinachomfanya kila mtu afunge mdomo. Vijana wa alu walianza kwa haraka wakachoka. Mimi nilikuwa na pumzi bado, nilikuwa na furshe ya njano mbele ya macho yangu, nilikuwa na kila kitu nilichokitamani miaka yote. Rafiki yangu alikuja kutoka nyuma kwa ile furshe nyeusi nzito, hana haraka, akanisalimia, akanipita.

Nilikanyaga kwa nguvu zangu zote. Nafasi kati yetu ilizidi kuongezeka. Nilitafuta nione ana nini, ni kipande gani alichobaki nacho ambacho sikukiona, nikapekua baiskeli yote kwa macho na sikuona kitu. Kisha nikaona magoti yake. Yalikuwa yanapanda na kushuka sawasawa, bila pupa, magoti ya mtu aliyepanda kilima kimoja kwenda shule na kingine kurudi tangu kabla ya baiskeli yoyote. Hayo sikumpa mimi.